Mashavu Mawili ya Mzee Stambuli

Mzee Stambuli Mwinshehe, mpimaji mkuu wa ndevu wa Kiwanda cha Nyembe Lupanga, Kihonda, Morogoro, anastaafu Jumanne tarehe 30 Juni 2026, baada ya kukitumikia kiwanda chetu kwa miaka thelathini na saba kasoro siku mbili. Siku hizo mbili zimetajwa hapa kwa agizo lake mwenyewe. Ofisi ya Utumishi ilipoandika "miaka thelathini na saba" kwenye kadi ya mwaliko, aliirudisha kadi ikiwa na duara la kalamu nyekundu, akaeleza kwamba aliripoti kazini Jumatatu tarehe 3 Julai 1989 saa moja na nusu asubuhi, na kwamba anayetaka thelathini na saba itimie amruhusu aje kazini Jumatano na Alhamisi. Utumishi hawakumruhusu. Kadi zikachapishwa upya.

Kwa wageni waalikwa ambao hawajawahi kusikia cheo cha mpimaji wa ndevu, na ambao pengine wanadhani tunatania, ni hivi. Kiwandani kwetu hakuna wembe wala mashine ya kunyolea inayopelekwa dukani kabla haijapita Chumba Namba Tatu. Humo mna viti vitano, mabeseni matano, vioo vitano, na wanaume watano ambao sharti lao la kwanza la kazi ni kuja asubuhi wakiwa hawajanyoa. Shavu la kushoto hunyolewa kwa wembe tunaoujua, unaoitwa wa kipimo. Shavu la kulia hungoja kitu kipya kinachojaribiwa, hata kikichelewa siku moja au mbili. Kisha kila mpimaji hujipapasa, hujitazama kiooni, na kuandika alama kati ya sifuri na kumi. Nane ni kufaulu. Alama inayohesabiwa si ya wastani bali ni ile ya chini kabisa kati ya zote tano, kwa hoja kwamba mteja aliyekatwa hafarijiki akiambiwa wenzake wanne hawakukatwa. Kanuni hii ilitungwa na waliotutangulia, na nina hakika waliitunga kabla hawajakutana na Mzee Stambuli.

Maana Mzee Stambuli hatoi alama, anazitoboa. Katika miaka yake yote ya Chumba Namba Tatu hajawahi kumpa mtu kumi. Tisa pia hajawahi kuitoa. Husema anaiweka akiba, na ukimuuliza akiba ya nini anakuuliza wewe huna kazi za kufanya. Safu ya maoni kwenye fomu, ambayo wenzake huiacha wazi au huandika "nzuri", yeye huijaza mpaka pembeni na wakati mwingine hugeuza karatasi. Mwaka 2017 wembe wetu mpya wa plastiki wenye makali matatu ulipata kwake alama nne na maoni kwamba makali ya kwanza yananyoa, ya pili yanatazama, ya tatu yanabebwa tu.

Alizaliwa Mkuyuni mwaka 1966, akaja mjini kwa mjomba wake, na kiwandani akaajiriwa kuwa mfungaji wa pakiti. Pakiti zake zilikunjwa vizuri sana na zilikuwa chache sana. Mwaka 1992 msimamizi wake, ili kuokoa takwimu za idara, alimhamishia kwenye gari la matangazo, lile lenye spika mbili juu, lililokuwa likizunguka kwenye magulio ya Mgeta, Matombo, Mvuha mpaka Kisaki kutangaza mashine yetu ya chuma. Huko ndiko kipaji chake kilikoonekana. Alikuwa akimwita mtu mmoja kutoka kwenye kundi, anamkalisha kwenye kigoda, anampaka povu uso mzima na kumnyoa bure nusu ya uso. Kisha anakunja taulo, anamshukuru na kumwita mwingine. Aliyetaka nusu iliyobaki inyolewe alikuwa huru kununua mashine yake. Inasemekana hakuna aliyerudi nyumbani na nusu, isipokuwa mzee mmoja wa Nyandira aliyekaa nayo wiki nzima mpaka gulio lililofuata, akisubiri amaliziwe bure. Mzee Stambuli alimmalizia. Anasema mtu mwenye msimamo kama ule anastahili heshima.

Mwaka 1998 alihamia Chumba Namba Tatu, na mwaka 2010 akawa mkuu wake. Tangu hapo mazoea ya kazi yakamwingia mwilini. Mkewe, Bi Asha, ametuthibitishia kwamba hata akiwa likizo nyumbani huamka, hunyoa shavu la kushoto, huosha wembe, huvaa kofia na kutoka, na mara nyingi majirani ndio wanaomrudisha. Binti yake Mwanvita alipoolewa, harusi iliangukia katikati ya jaribio la siku tatu, lile ambalo shavu moja huachwa liote ndevu ili tuone kama wembe unazimudu. Tulimsihi avunje jaribio. Hakuvunja. Nimeziona picha zote thelathini na mbili za harusi ile, na katika zote baba wa bibi harusi anatazama ukuta.

Kitambulisho chake cha kazi nacho kilipigwa picha siku kama hizo, na kwa kuwa Utumishi walikuwa hawarudii picha, alikitumia hivyo hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Siku moja alitumwa kupeleka katoni za nyembe kwenye duka la watumishi kule gereza la Kingolwira. Askari wa langoni alikitazama kitambulisho, akamtazama yeye aliyekuwa amenyoa kote siku hiyo kwa bahati mbaya, akazitazama katoni za nyembe, kisha akafanya kazi yake sawasawa. Mzee wetu alikaa langoni kuanzia saa nne mpaka saa nane, hadi Meneja alipopiga simu kueleza kwamba mtu mwenye nusu ndevu na mtu asiye na ndevu ni mfanyakazi mmoja.

Hayo ni ya kuchekesha, na wengi wenu mnayajua. Ninalotaka kuliandika hasa ni habari ya mashine ya chuma, kwa sababu nimeishi nayo karibu kuliko wengi. Mimi ni fundi wa kalibu katika karakana, na habari hii iliishia mezani kwangu.

Vijana wengi hapa hawajaishika mashine ile. Ina vipande vitatu: mpini, kitako na kifuniko. Unaweka wembe wa kawaida, ule mwembamba wenye makali pande mbili, katikati ya kitako na kifuniko, unakaza mpini, unanyoa. Wembe ukiisha unatupa wembe peke yake, mashine inabaki mpaka mjukuu airithi. Tuliitengeneza hapa Kihonda mpaka mwaka 2009, kampuni mama yetu ya ng'ambo, ambayo inauza nyembe karibu kila nchi, ilipoamua kwamba dunia imehamia kwenye plastiki. Nyembe tuliendelea kuzitengeneza, kwa mamilioni. Mashine ya kuzishika ndiyo iliyokoma.

Kalibu za mashine hiyo, yaani mapande mawili ya chuma kigumu ambayo yakifungwa pamoja na kumiminiwa madini ya moto hutoa kichwa cha mashine, zilichongwa na Fundi Lukasi Kobelo, aliyenitangulia karakana. Amri ilikuja ziuzwe kama chuma chakavu. Fundi Lukasi alikuwa anastaafu mwezi huo huo na kurudi Mgeta, mlimani, akaomba kalibu aliyoichonga kwa mikono yake iwe zawadi yake ya kuagwa. Meneja wa wakati ule alimpa pande moja tu, kwa kuwa mtu mwenye mapande yote mawili ana kiwanda kidogo. Pande la pili lilikuwa linasubiri lori la skrepa siku ya Ijumaa. Alhamisi Mzee Stambuli alikwenda stoo kumuuliza Martina, mtunza stoo wetu, kama kitu kinachotumika kinaweza kuuzwa kama chakavu. Martina akasema hakiwezi. Ijumaa asubuhi mlango wa Chumba Namba Tatu, ambao tangu kiwanda kijengwe ulikuwa ukijibamiza kwa upepo unaoteremka kutoka mlimani, ulikutwa umetulia, umezuiwa na pande la chuma la kilo tisa. Martina ni mtu wa taratibu. Aliliandika kwenye daftari la mali: kizuio cha mlango, chuma, kimoja, hali nzuri.

Miaka kumi na sita tumelipita pale mlangoni. Mimi mwenyewe nimejikwaa juu yake mara zisizohesabika, na mara moja lilinivunja ukucha wa kidole gumba. Sikujua nilikuwa nimejikwaa juu ya nini.

Kwa nini aling'ang'ania kulihifadhi miaka yote hiyo? Nilidhani ni ukaidi tu, na ukaidi anao wa kutosha wa kugawa. Mpaka aliponisimulia habari ya Yunusi. Yunusi ni kinyozi wa Kisaki, karibu na stesheni, na alinunua mashine yetu mwaka 1994 mbele ya gari la matangazo, baada ya kunyolewa nusu. Mwaka 2012 Mzee Stambuli alikwenda Kisaki kwenye msiba wa shemeji yake. Siku ya kumaliza matanga wafiwa waliketi wanyolewe vichwa, kama ilivyo desturi, na anayenyoa alikuwa Yunusi yule yule. Mashine yake ilikuwa imeisha uzi wa kukazia mpini. Alikuwa ameifunga kwa mpira wa baiskeli, na mpira ukakatika katikati ya kazi. Akaendelea kwa wembe mtupu, ameubana kwa vidole. Bibi mmoja mzee alikatwa juu ya sikio. Siku kama ile, aliniambia Mzee Stambuli, nani atalalamikia mkato mdogo? Bibi alifuta damu kwa ncha ya kanga na kuendelea kuinamisha kichwa. Mzee Stambuli alikuwa amekaa pale, mtu wa kiwanda, na nyembe zilizotumika zilikuwa zetu, alizileta yeye mwenyewe kama ubani.

Alimwahidi Yunusi kwamba kabla hajastaafu atamletea mashine mpya ya Lupanga. Zile nyepesi za sokoni alimpelekea tatu kwa nyakati tofauti. Hakuna iliyomaliza mwaka. Tangu mwaka 2009 alikuwa akijaza fomu ya maoni ya wafanyakazi kila Desemba. Tangu msiba ule akawa anaijaza kwa herufi kubwa. Jumla ni fomu kumi na saba, zenye sentensi zile zile: "Wembe tunauza sisi, cha kuushikia atajua mnunuzi. Naomba turudishe mashine." Kila Januari alijibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa. Fomu ya kumi na mbili aliibandikia hata picha ya kidole chake kilichokatwa na wembe mtupu, na kidole nacho kikapokelewa.

Januari mwaka huu jibu lilibadilika. Makao Makuu waliandika kwamba huko kwao watu wameanza kuzichoka mashine za plastiki, wanafukua mashine za babu zao kwenye makabati, na kampuni inafikiria kuirudisha ya zamani. Walikuwa wameuliza kwenye viwanda vyao vyote vilivyobaki kama kuna mwenye kalibu. Viwanda vyote vilikuwa vimeuza. Kuchonga mpya hawakuwa tayari kabla ya kuona kama kitu chenyewe kinafaa. Je, Morogoro? Meneja alimwita Martina. Martina alipekua daftari kwenye kalibu, hakuona kitu. Mzee Stambuli, ambaye hakuna aliyekuwa amemwita, alisimama mlangoni na kumshauri atafute kwenye milango. Jibu letu lililokwenda ng'ambo lilikuwa fupi: pande moja tunalo, la pili liko mlimani.

Masharti yakaja. Sampuli itengenezwe kwa kalibu za zamani, ipimwe Chumba Namba Tatu, ipate nane, kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30 Juni. Isipopata, fungu la fedha la mwaka huu linahamia kwenye mashine mpya ya plastiki na habari imekwisha. Mtaona kwamba tarehe hiyo ndiyo ya kustaafu kwake. Mimi niliiona. Yeye alijifanya hakuiona, akaanza kuulizia usafiri wa Mgeta.

Tulipanda naye mwezi Februari kwa pikapu ya kiwanda, kupitia Mlali, ukungu umefunga kuanzia nusu ya mlima. Kwa Fundi Lukasi, juu ya Nyandira, tulikuta lori la mwanawe Baraka limeegeshwa kwenye mteremko likipakiwa kabichi za Dar es Salaam. Mzee Stambuli alishuka, akaamkia, akaulizia afya za watu wote wa nyumba, kisha akalitazama tairi la nyuma. Chini ya tairi kulikuwa na kitu cha mraba kimefungwa kwenye gunia. Alivua kofia. Pande la pili la kalibu ya mashine ya kunyolea, lililochongwa kwa usahihi wa unywele, lilikuwa limeshikilia tani saba za kabichi zisiporomoke kuelekea bondeni, na kwa maelezo ya Baraka lilikuwa linafanya kazi hiyo kwa mwaka wa tisa bila kuteleza hata mara moja.

Kulivuta hakukuwezekana mpaka lori liondoke. Mzee Stambuli aliketi kwenye jiwe kando ya tairi saa mbili nzima, mkono juu ya gunia, kama mtu aliyeshika zamu hospitalini. Lakini lori lilipoondoka tatizo likawa Fundi Lukasi mwenyewe. Alikataa. Alisema kampuni ilishamwambia mara moja kwamba kazi ya mikono yake ni skrepa, na hana haja ya kuambiwa tena akiwa na miaka sabini na saba. Chuma ni chake, alipewa mbele ya watu, na lori la mwanawe linalihitaji kuliko kampuni inavyolihitaji. Alikuwa na haki, na mimi nilianza kutafuta namna ya kuaga kwa adabu.

Mzee Stambuli hakubishana, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla. Alikuwa anamtazama Fundi Lukasi usoni. Ndevu zilikuwa zimeota kwa mafungu mafungu, nyeupe, kwingine ndefu kwingine fupi. Mikono ya fundi yule, iliyochonga chuma kwa miaka thelathini, ilikuwa inatetemeka juu ya magoti. Binti yake Agnes alitueleza kwamba mwaka wa pili sasa hawezi kujinyoa. Wajukuu hujaribu kwa mashine za plastiki, zinazibwa na ndevu na kumvuta, naye amewaambia waache tu. Kanisani siku hizi anakaa nyuma. Mzee Stambuli aliomba maji ya moto. Alitoa mfukoni mashine yake mwenyewe ya mwaka 1989, akaweka wembe mpya, akampaka povu, akaanza.

Nimefanya kazi jirani na Chumba Namba Tatu kwa miaka kumi na mitano, na siku ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona Mzee Stambuli akinyoa mashavu mawili ya mtu mmoja kwa kikao kimoja. Hakuwa na haraka. Alipomaliza, Fundi Lukasi alijipapasa kushoto, akajipapasa kulia. Kisha akamwambia Agnes amwambie Baraka atafute jiwe la tairi.

Ningependa kuishia hapo. Hadithi ingekuwa nzuri, nami ningeonekana mtu mwema. Lakini kilichofuata ndicho kilichonifundisha Mzee Stambuli ni nani, na kwa siku kadhaa kilinifanya nisimsalimie.

Nilisafisha mapande yote mawili, nikayafunga, tukamimina, na katikati ya Mei tukawa na mashine tano. Zilipendeza. Watu walitoka ofisini kuja kuzishika. Asubuhi ya jaribio nusu ya kiwanda ilikuwa kwenye korido ya Chumba Namba Tatu. Wapimaji wanne waliandika nane, tisa, nane, nane. Mzee Stambuli, mwenye fomu kumi na saba, mwenye ahadi ya Kisaki, mwenye wiki sita zilizobaki kazini, alijipapasa chini ya kidevu, akajipapasa tena, na kuandika sita. Maoni: inauma kidogo upande mmoja wa kitako.

Nawaambia ukweli, nilikasirika. Nilimfuata nikamwambia ameua kitu chake mwenyewe, kwamba inauma kiasi ambacho watu wanne hawakukisikia, na kwamba nane yake moja ingetosha. Meneja naye alimwita, akamuuliza kwa upole kama pengine alikuwa na kipele. Mzee Stambuli alijibu kwamba hana kipele. Alisema Yunusi hanyoi watu wa Makao Makuu, ananyoa vichwa vya wafiwa wa Kisaki, na yeye hawezi kumpelekea kitu chenye kasoro aliyoijua. Kisha akarudi kazini kupima nyembe za plastiki, ambazo siku hiyo zilipata tano.

Nilichukua hadubini ya karakana kwa hasira, nia yangu ikiwa kuthibitisha kwamba amekosea. Hakukosea. Kwenye pembe moja ya pande la Mgeta gunia lilikuwa limechanika, tairi likaligusa chuma, na pembe ilikuwa imebonyea kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Shavu lake lilikiona. Nilijaza pembe ile, nikaisaga, nikaipiga msasa kwa wiki tatu, na mara mbili nilimpigia simu Fundi Lukasi anielekeze. Kila asubuhi Mzee Stambuli alipita mlangoni kwangu akiwa na nusu ndevu, akasalimia, asiulize chochote. Nilianza kumjibu siku ya nne.

Jaribio la pili lilifanyika Jumatatu tarehe 15 Juni. Safari hii korido ilikuwa tupu, watu waliogopa. Wanne waliandika tisa kila mmoja. Yeye alinyoa taratibu, akasuuza, akakausha uso, akajipapasa chini ya kidevu kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko wiki zote tatu. Akaandika nane. Kwenye maoni aliandika kwamba mpini unateleza kidogo ukiwa na sabuni, na fundi auangalie. Niliisoma fomu ile nikatoka nje kwenda kulia nyuma ya stoo, na Martina aliyenikuta huko akaniuliza nimefiwa na nani.

Makao Makuu wamejibu wiki iliyopita. Tutatengeneza mashine elfu tano za majaribio, ziuzwe mjini Morogoro, Mgeta, Kisaki na njiani kote lilikokuwa likipita gari la matangazo. Zikipokelewa, mashine ya chuma itarudi, kwetu na pengine kwingine. Zisipopokelewa, haitarudi. Hakuna anayejua, na Mzee Stambuli amenikataza kuandika kwamba zitapokelewa, kwa kuwa bado hazijajaribiwa na wateja. Mpini nimeuchonga mistari. Hautelezi tena. Baraka naye tumemtengenezea kigingi cha chuma cha tairi, na karakana imekipa hati ya kwamba hakitadaiwa kurudishwa kamwe.

Kamati ya sherehe ilikuwa imepanga kumzawadia saa ya ukutani. Aliposikia, aliomba badala yake mashine mbili za kwanza kutoka kwenye kalibu iliyorekebishwa. Moja itapanda Nyandira kwa Fundi Lukasi, ambako ameshaahidi kwenda kila Jumamosi ya pili ya mwezi na taulo lake. Moja anaondoka nayo Jumatano asubuhi kwenda Kisaki. Nilimkumbusha kwamba Jumatano ni ile siku aliyonyimwa ya kutimiza miaka thelathini na saba. Akasema ndiyo, na kwa hiyo Utumishi wasiihesabu, lakini yeye ataihesabu.

Kuna jambo moja hatukulifikiria. Kizuio cha mlango kimerudi karakana kuwa kalibu, na tangu Februari mlango wa Chumba Namba Tatu umeanza tena kujibamiza kila upepo unaposhuka kutoka mlimani. Kila ukilia sote tunainua vichwa, tukidhani ni yeye anaingia na nusu ndevu zake kuja kututoboa. Mpaka sasa mara nyingi ni yeye kweli. Kuanzia Jumatano utakuwa upepo tu, na Martina ameniuliza kama nimchongee kizuio kingine. Nimemwambia asubiri kwanza.

Mzee wetu, asante kwa alama zako zote, hasa ile sita. Umeniudhi kuliko mtu yeyote mahali hapa, na umenifanya kuwa fundi. Tunakutakia afya, safari njema ya Kisaki, uvumilivu kwa Bi Asha, na kunyoa mashavu yote mawili siku moja, kila asubuhi.

Jesca Mloka
Karakana ya Kalibu, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kihonda